Jiwe Lililonuka Kitunguu Saumu

Haya ninayotaka kusimulia ni kweli tupu, haikutiwa maji wala haikuongezwa chumvi. Naapa kwa masharubu yangu. Nikizidisha hata punje moja ya mtama, yanyolewe hadharani, tena kwa wembe butu.

Basi mjini Koppal palikuwa na mstaafu mmoja, jina lake Thippeswami. Ujana wake na utu uzima wake wote aliumaliza akiwa kondakta wa basi, na kazi hiyo ikamwachia vitu viwili: magoti yanayolia kama bawaba kavu, na ulimi usiojua kituo. Kitu cha tatu alikifuga mwenyewe, nacho ni masharubu. Usidhani ni vile vinyweleo vya kubahatisha chini ya pua. Yalikuwa masharubu hasa, yamepinda juu kama pembe za fahali, yanapakwa mafuta ya nazi kila asubuhi kabla hata ya chai. Zamani zake, abiria akileta ukorofi, Thippeswami hakujibu. Aliyasokota tu upande mmoja, na basi zima likanyamaza.

Na chini ya masharubu hayo, kila mtu mjini alijua, palikuwa na kovu la dubu.

Hadithi ni kwamba basi liliharibika karibu na milima ya Daroji, dubu akaja mlangoni akitaka kupanda. Thippeswami akamwambia, "Tiketi kwanza." Dubu hana tiketi. Kondakta naye hana huruma. Wakavutana pale ngazini, dubu akamparua mdomo wa juu, kisha akaondoka kwa aibu. Dereva wa siku hiyo ndiye shahidi pekee, na kwa bahati mbaya ni marehemu, haulizwi. Watoto wa Koppal walilelewa kwa hadithi hiyo. Wengine walikuwa wakiomba walione kovu, naye akiwajibu, "Jeraha la vita halianikwi kama nguo."

Kila mwaka mtama ukishavunwa, Thippeswami na wenzake husafiri kwenda kutazama mahekalu ya kale. Dereva ni Kotresh, mstaafu naye, bingwa wa kupiga honi na kutukana mbuzi. Kiti cha mbele ni cha Halappa, aliyekuwa karani wa gereji, kwa sababu tumbo lake halipatani na kona. Sikio lake la kushoto nalo lilikwishastaafu kabla yake. Nyuma hukaa Thippeswami na magoti yake, pamoja na Sharanamma, mjane wa mwenzao. Wote humwita shemeji na wote humwogopa.

Mwaka huo walikuwa wakienda Hampi. Gari lao halijatoka hata mjini, Sharanamma akaanza.

"Thippeswami, mwaka jana ulimfanya nini Halappa?"

"Mimi? Nilimfanya nini?"

"Ulimwambia samaki wa bwawa la hekalu huja juu ukiwaita kwa majina ya mama zao. Mzee wa watu akashinda ukingoni akiita majina ya wanawake, mpaka mlinzi akaja kumuuliza ana shida gani."

"Mmoja alikuja," Halappa akajitetea kutoka mbele. "Nilipoita Parvatavva."

"Huyo alikuwa chura, bwana," alisema Kotresh.

"Basi leo hakuna uongo," Sharanamma akakata shauri. "Tangu tuvue viatu kwenye hekalu la kwanza mpaka jua lizame. Ukidanganya hata mara moja, masharubu yako yaishie palepale kwa kinyozi wa sokoni."

Thippeswami alihisi baridi juu ya mdomo. "Na nisipodanganya?"

"Kiti cha mbele ni chako. Safari zote, mpaka tufe."

"Shemeji!" Halappa akalia. "Na tumbo langu je?"

"Tumbo lako litakaa na mimi huku nyuma. Nitalitisha."

Wakacheka. Thippeswami naye alicheka, lakini vidole vyake vilipanda vyenyewe kuyashika masharubu, kila upande mkono wake, kama mama anayeshika watoto wawili sokoni. Wenzake walidhani anawaza uzuri wake tu. Yeye alikuwa akiwaza kile kilichokuwa chini yake, au kisichokuwapo.

Walipofika, mto Tungabhadra ulikuwa chini na mawe makubwa yamepandiana vilimani kama mizigo iliyofungwa na mtu mwenye haraka. Walivua viatu, na kazi ikaanza.

"Thippeswami, nguzo hii wameichonga nini?" Kotresh aliuliza.

"Simba."

"Simba tu?"

"Simba wa jiwe."

Wakasogea. "Na huyu mcheza ngoma mbona hana mkono?"

"Umevunjika."

Mwaka mwingine wowote, mkono ule ungekuwa umechukuliwa na sultani mwenye wivu, au ungekuwa unaonekana usiku ukipiga makofi peke yake mtoni. Leo ulikuwa umevunjika tu. Halappa alipiga miayo. Kotresh alianza kuhesabu mbuzi. Hata Sharanamma, ambaye ndiye aliyetunga adhabu, alionekana kama mtu aliyenyimwa chumvi kwa amri ya daktari.

"Yaani ukweli ndivyo ulivyo?" Halappa alinong'ona. "Mawe na jua?"

"Nyamaza, kwa ukweli huo kiti chako kinaondoka," Kotresh akamjibu, naye akalazimika kurudia kwenye sikio zima.

Mchana waliketi kwenye kivuli cha hekalu dogo lililobomoka, lisilo na paa wala mungu. Ukutani palibaki kidaka kitupu, sanamu yake ilikwishavunjwa zamani, na mahali pasipo sanamu nzima watu wa huko hawasali. Sharanamma alifungua chakula: mikate myembamba ya mtama, biringanya zilizoshindiliwa karanga, wali wa ndimu na binzari, mtindi. Chatini hakuja nayo. Kwake yeye chatini iliyolala ni tusi. Alikuwa ameokota ukingoni mwa mto jiwe la mviringo, la kushikika vizuri mkononi, na kwa jiwe hilo akasaga juu ya kibao cha mwamba pilipili nyekundu, chumvi na vitunguu saumu vingi.

Walikula mpaka Kotresh akalegeza shuka kiunoni.

"Jiwe hili naenda nalo nyumbani," Sharanamma alisema huku akijipangusia juu yake vidole vya manjano. "Thippeswami, liweke mahali pa juu nyani wasililambe. Tutalipitia tukirudi."

Thippeswami akalisimamisha mle kidakani. Jiwe lilikuwa jekundu kwa pilipili, lina mistari ya manjano kwa binzari. Juu ya ukuta ulikuwa umeota mti wa maua meupe, na upepo ulipopita, ua moja likaanguka na kutua jiweni. Hakuna aliyetilia maanani. Wakaenda kuliangalia lile gari la kale la kukokotwa, lililochongwa kwa mawe.

Waliporudi alasiri, hekalu dogo lilikuwa limejaa watu.

Basi la mahujaji lilikuwa limesimama barabarani, na abiria wake, waliposhuka kunyoosha miguu, waliona kidaka, na ndani yake jiwe jekundu, la manjano, lenye ua. Katika nchi ile jiwe likipakwa nyekundu na manjano na kuwekewa ua ni mungu, halihitaji kujitambulisha. Tayari nazi zilikuwa zimevunjwa, udi umewashwa, ndizi zimepangwa chini, na wanawake wawili walikuwa wakiimba.

"Jiwe langu!" Sharanamma alinong'ona.

"Lako wapi, shemeji," alisema Kotresh. "Limepandishwa cheo."

Mbele ya kidaka alikuwa amepiga magoti bibi kizee mmoja, mwembamba kama ufito, na kuinuka kulikuwa kumemshinda. Thippeswami alisikia magoti ya bibi yakilia, naye akayajua kama mtu ajuavyo lugha ya kwao. Akamshika mkono, akamwinua.

"Ahsante, mwanangu," alisema bibi, akimtazama kwa macho yaliyokunjika. "Unaonekana mtu wa huku. Mungu huyu ni nani? Tumemwomba hata jina hatujui."

Watu wakageuka. Nyimbo zikakatika. Wenzake watatu nao wakamtazama, na Sharanamma akainua macho kuliangalia jua, ambalo lilikuwa bado juu ya miamba, limeiva kama papai.

Thippeswami alifungua mdomo aseme, "Bibi, hilo ni jiwe la chatini." Maneno yalikuwa tayari. Lakini aliyaona magoti yenye vumbi, akaziona zile ndizi, akamwona kijana mmoja na mkewe wameshikana vidole wakisubiri jibu. Atamwambiaje bibi huyu kwamba ameipigia magoti pilipili? Na zaidi ya huruma, nisifiche, ulimi wake ulikuwa umefungwa kambani tangu asubuhi. Sasa uliona lango liko wazi.

"Huyu," alisema taratibu, "ni Mama Mwekundu."

"Aaa," umati ukaitikia.

"Zamani za wafalme, adui alikuja na tembo mweupe, mkubwa hata kivuli chake kilikuwa kikitangulia siku moja. Askari wote wakakimbia. Ndipo jiwe hili likatoka lenyewe mtoni, likabingirika kupanda kilima, kupanda, si kushuka, likamgonga tembo kwenye goti. Tembo akapiga magoti. Adui akaporomoka, kofia huku, viatu kule. Tangu siku hiyo Mama huyu ndiye mwenye magoti yote ya dunia. Ya adui huyavunja, ya rafiki huyatengeneza."

Masharubu yake yalikuwa yakipanda na kushuka kama mabawa. Kotresh alikuwa amesahau kufunga mdomo. Halappa alijisogeza na lile sikio zima.

"Na masikio je?" aliuliza kwa unyenyekevu.

"La kushoto hasa," Thippeswami akajibu.

Halappa, aliyekuwa amekula chatini ya jiwe lilelile kwa mikate mitano, akawapenya watu mbio na kuinama mbele yake.

Bibi kizee naye aligusa jiwe kwa ncha ya kidole ajipake kwenye paji la uso. Kidole kilipofika puani kikasimama. Akakinusa. Akakilamba. Kisha akamvuta Thippeswami pembeni, pamoja na Sharanamma.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nimepika kwenye harusi za vijiji vyote vya bonde letu. Hebu niambie, ni mungu gani wa nchi hii anayepakwa kitunguu saumu?"

Thippeswami alitazama mto.

"Miungu hawali kitunguu saumu, hilo hata mtoto anajua. Harufu niliisikia tangu nashuka kwenye basi. Nikasema, ngoja nimuulize huyu mwenye masharubu, nione atasema nini."

"Sasa mbona ulipiga magoti, bibi?"

"Nilianguka! Nilikuwa nainama ninuse vizuri." Akacheka mpaka akamshika Sharanamma bega. "Chatini ni yako, binti yangu? Imepungua chumvi."

"Tuwaambie wenzako?" Thippeswami aliuliza, kwa unyonge ambao wenzake hawakuwahi kumwona nao.

"Waache. Wamekwisha omba, na maombi hayarudishwi dukani. Unadhani mahekalu yale makubwa yalianzaje?" Akaelekea kwenye basi lake akichechemea, huku akisema peke yake, "Kupanda, si kushuka," na kucheka upya.

Sharanamma alikunja mikono. "Njia ya mwongo ni fupi, Thippeswami."

"Shemeji, ilikuwa huruma!"

"Goti lilikuwa huruma. Tembo mweupe je? Kofia huku, viatu kule?"

Kotresh akamshika mkono mmoja, Halappa mwingine, na jua likiwa bado juu ya miamba wakampeleka sokoni kwa kinyozi aliyetundika kioo chake kwenye nguzo ya mawe.

"Punguza tu," Thippeswami alimsihi. "Acha hata kivuli."

"Ng'oa," alisema Sharanamma.

Wembe ukapita. Ubawa wa kulia ukaanguka, wa kushoto ukafuata. Halappa alivaa miwani, akasogeza uso wake karibu sana, maana kwa miaka na miaka alikuwa amewasimulia wajukuu wake habari za kovu lile bila kuliona. Alitazama kulia. Alitazama kushoto. Mdomo wa juu ulikuwa laini kama tumbo la kikombe.

Kinyozi akaacha kusuuza.

"Kovu liko wapi?" Halappa aliuliza.

Thippeswami alifumba macho. Alingoja hasira, alingoja miaka yote ya heshima imwagike pale chini pamoja na nywele.

Kotresh ndiye aliyesema, polepole, kama mtu aliyegundua jambo. "Kumbe dubu alilipa nauli!"

Sharanamma alijishika mbavu. Halappa alicheka hadi miwani ikamdondoka kwenye povu. Kinyozi, asiyejua dubu wala nauli, naye akacheka kwa kuwa hakuna awezaye kubaki mkavu kati ya watu wale. Mwisho Thippeswami akajikuta anacheka pia, na upepo ukimpuliza mahali ambapo haujawahi kumpuliza.

Safari ya kurudi alikaa nyuma. Alipobisha kwake, mkewe Neelavva alifungua mlango, akamwangalia juu mpaka chini, akasema, "Mume wangu hayupo, mzee. Amekwenda Hampi na wenzake."

Hiyo ndiyo habari yenyewe, kweli tupu kama nilivyoapa.

Nini? Mbona umeinua kidole? Unasema mambo ya moyoni mwa Thippeswami nimeyajuaje, mpaka baridi ya juu ya mdomo? Na unasema niliapa kwa masharubu yangu, nawe hapa unaona mdomo mtupu? Basi, basi, umenishika. Thippeswami ndiye mimi. Kaa hapo kwenye kiti kizuri. Pilipili za kukaanga zinakuja, kula mpaka ushibe, zote juu yangu, ndiyo faini ya uongo wangu.