Kompyuta Iliyochukia Umbea

Kadi za harusi ya mdogo wake Zamda zilitakiwa zigawiwe jioni ile, na kompyuta ya kuzichapia, dukani kwake mtaa wa Mchafukoge, ilikuwa inazima kila ikijisikia. Safari hii kioo kiligeuka bluu mara tu shoga yake Hajira alipofika penye utamu wa habari za jirani.

"Ni wewe!" Zamda akafoka. "Ukifungua mdomo tu, inakufa. Shoga, una kisirani! Toka, usije ukanivurugia harusi."

"Kisirani changu na dude lako wapi na wapi?" Hajira akajibu, akibeba pochi yake kwa hasira.

"Subirini," akasema fundi Athanas, ambaye alishaiweka upya programu ya kadi bila mafanikio. Akafungua ubavu wa mashine, akamulika tochi ndani. "Dada Hajira, hebu rudia hiyo habari."

Hajira akarudia. Alipofika kwa bwana aliyeruka dirisha na khanga ya mama mkwe, duka zima likapiga meza yenye kompyuta kwa vicheko, kama kawaida ya hapo. Kioo kikawa bluu.

"Nimeiona! Tundu la ramu, kile kipande cha kumbukumbu, limevunjika kishikizo. Mkipiga meza, kinachomoka."

Akakihamishia tundu la pili, kikakaa imara. Kadi zikaanza kutoka. Zamda akamvutia Hajira kiti.

"Nisamehe, shoga."

"Lazima tuijaribu tena," Athanas akasema, naye akikaa. "Karuka dirisha, halafu?"