Hesabu Isiyofunguka

Daraja la waenda kwa miguu liliporomoka saa nne asubuhi, siku lori lilipopinduka barabarani chini yake na watu wa soko zima wakapanda juu kutazama. Kwa miaka kumi na tisa lilikuwa limebeba wapita njia tu, wawili mbele, watatu nyuma. Siku hiyo watu walisimama juu yake bega kwa bega, mwanzo hadi mwisho, nalo likalala. Walikufa watu tisa, watatu kati yao wakiwa na sare za shule.

Machozi hayajakauka, mji ulikuwa umeshampata wa kumtwisha mzigo. Michoro yote ya daraja ilikuwa na sahihi moja, ya mhandisi mstaafu ambaye ofisi ilimwita Bwana Rula, kwa sababu rula haikumtoka mfuko wa shati hata siku aliyoagwa. Sasa figo zilikuwa zimemlaza kitandani nyumbani kwa binti yake, na watu waliopita pale walimrushia maneno dirishani.

Mama Vipimo hakuyaamini hayo maneno. Ndivyo walivyomwita mkuu wa kitengo cha madaraja, mwanamke wa miaka arobaini na mitano, ambaye Bwana Rula alimpokea akiwa ametoka chuo juzi, akamfundisha kazi kama anavyomfundisha mwanawe wa kumzaa.

"Yule mzee hakuwa mtu wa kubahatisha," aliiambia tume ya uchunguzi. "Zitazameni hesabu zake kwanza, ndipo mumhukumu."

Karatasi za hesabu zilikuwa zimeozea stoo, chini ya paa linalovuja. Lakini faili lenyewe lilikuwa limehifadhiwa kwenye kompyuta. Tume ikampa hadi Alhamisi.

Jumatatu asubuhi alilibofya. Kompyuta ikamjibu kwamba programu ile haiwezi kufanya kazi hapo. Mwezi uliopita ofisi nzima ilikuwa imebadilishiwa mfumo endeshi. Kila mtu alifurahia kasi, na hakuna aliyeikumbuka programu kongwe ya kupigia hesabu za madaraja, ambayo walioiunda walishafunga duka zamani.

Akamwita fundi wa kompyuta, mtu mzima mwenye mvi masharubuni, ambaye mikono yake ilifanya kazi polepole na mdomo wake haukupumzika.

"Hii ni kama babu uliyemhamishia ghorofani," fundi alisema, akivuta kiti. "Ukimlazimisha kupanda lifti, anagoma. Mwekee chumba kilekile alichozoea, atatulia."

Kwanza alijaribu kuidanganya programu kwamba iko kwenye mfumo wa zamani. Haikudanganyika. Jumanne akatengeneza kompyuta ndani ya kompyuta: kidirisha kimoja kwenye skrini, na ndani yake mfumo wa kale mzima, na rangi zake za kale. Programu ikafunguka. Mama Vipimo akaachia pumzi, lakini mara ikatokea sentensi moja: ufunguo haujaonekana.

Ufunguo ulikuwa kidude cha plastiki ambacho zamani kilichomekwa nyuma ya mashine ili programu isiibwe. Mama Vipimo alikikuta kwenye droo ya penseli kuukuu. Tatizo likawa tundu lake, lile pana la vishimo vingi, ambalo kompyuta mpya hazina kabisa. Jumatano fundi alishinda stoo akipekua mashine mbovu, akarudi na kadi moja yenye tundu lile, akiwa ameifuta vumbi kwa shati lake mwenyewe. Akaipachika, akachomeka ufunguo, akairekebisha mara mbili. Saa nane mchana faili la daraja likafunguka.

"Haya, mama. Babu ameamka."

Mama Vipimo alisogea. Uzito wa chuma ulikuwa sawa. Upepo ulikuwa sawa. Kisha akafika kwenye kisanduku cha uzito wa watu. Daraja la umma huhesabiwa kilo mia tano kwa kila mita mraba. Hapo palikuwa na mia moja na hamsini.

Alifikiri hakuona vizuri. Mia moja na hamsini ni uzito wa paa, ambako hupanda fundi mmoja wa kuziba matundu. Akarudi ukurasa wa mwanzo. Palikuwa na mahali pa jina la aliyeingiza hesabu, na pale zilikaa herufi tatu za jina lake yeye. Chini yake palikuwa mahali pa mkaguzi. Hapakuandikwa kitu.

Ndipo wiki ya hesabu zile, ambayo alikuwa ameisahau, ikamrudia. Alikuwa ametoka kupiga hesabu za paa la karakana. Badala ya kuanza upya, alinakili faili lile na kubadilisha tarakimu, kisanduku kimoja baada ya kingine, na kimoja akakiruka. Mke wa Bwana Rula alikuwa hospitali, mahututi. Mzee alipita ofisini mara moja tu, macho mekundu, akasema, "Nakuamini, mwanangu," akaweka sahihi kwenye michoro akaondoka.

Fundi hakuwa mhandisi, lakini alijua kusoma uso wa mtu. Akaziona herufi, akazitambua. Mkono wake ukaenda kwenye kadi.

"Programu za zamani hazifunguki," alisema taratibu. "Kila mtu anajua. Nikiichomoa hii kadi sasa hivi, nani ataniuliza?"

Mama Vipimo alikaa akiangalia kile kidirisha, na alijua kwamba hamu ya kusema ndiyo ilikuwa imemjaa mwili mzima. Akabonyeza kitufe cha kuchapisha.

Jioni ile alipitia kwanza kwa Bwana Rula. Binti wa mzee alimfungulia mlango akitabasamu, jambo ambalo hakulifanya tangu msiba. "Dada, umezipata zile hesabu ulizosema zitamsafisha?"

"Nimezipata. Nataka kuzungumza na baba."

Mzee alimsikiliza hadi mwisho, mikono juu ya shuka.

"Nilihisi," alisema. "Lilipoanguka tu nilijua sikukagua. Sasa sikiliza, mwanangu. Mimi mtu wa kaburini. Wewe una watoto wanasoma. Waache waniseme mimi."

"Siwezi, baba."

"Hata mimi sisafishiki. Sahihi ni yangu."

"Najua. Lakini siwezi."

Mzee aligeukia ukuta. Binti alikuwa amesimama mlangoni, ameyasikia yote, na lile tabasamu lilikuwa limeshamtoka.

Alhamisi Mama Vipimo aliikabidhi tume zile karatasi na kueleza kila kitu kwa sauti ambayo haikutetemeka, kwa kuwa alikuwa ameshalia yote nyumbani, mumewe akimshika mabega. Tume ilichukua miezi miwili. Ikamkuta na hatia yeye aliyeingiza hesabu, na mzee aliyeweka sahihi bila kukagua. Mama Vipimo akanyang'anywa leseni, jalada lake likapelekwa mahakamani. Bwana Rula hakuisikia ripoti ya tume. Alikuwa amezikwa siku kumi na moja kabla.

"Ulisema utamsafisha," binti yake alimwambia makaburini, na hakumsemesha tena.

Siku ripoti iliposomwa, baba wa mmoja wa wale wanafunzi alimfuata kwenye ujia. Alikuwa fundi cherehani, futi yake ya kupimia nguo bado shingoni. Watu wakasogea, wakidhani atampiga.

"Nina swali moja," alisema. "Siku uliyoingiza hesabu zile ulikuwa mgonjwa? Ulikuwa umechoka?"

Mama Vipimo alitamani kumpa hata kisingizio, kimfariji yule baba, hata kama hakitamwokoa yeye mwenyewe.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa mzima. Nilikuwa na haraka tu."

Yule baba aliitikia kwa kichwa polepole, kama aliyepewa vipimo vya nguo ambayo hataishona, akashuka ngazi.