Chini ya Mkuu wa Kaya

Tangu tumzike mume wangu Sosthenes kwao Ifunda, sikupata tena meseji ya chama. Chama chetu ni cha kuzikana, cha sisi watu wa Iringa tulioletwa Mbeya na ndoa, kazi na dhahabu. Zamani Katibu Kalinga alikuwa anampigia simu mtu mmoja mmoja mpaka koo linamkauka. Siku hizi kuna mfumo: akibonyeza tu, meseji ya msiba inawafikia wote, kuanzia hapa kwangu Iyunga hadi Chunya huko.

Kwangu ikawa kimya. Mwanzoni nikasema Mungu mkubwa, hakuna anayekufa. Baadaye nikajiambia wananikwepa. Nani anamtaka mjane? Watoto hatukujaliwa, kwa hiyo hata wa kuniuliza umekula nini hakuwepo. Basi na mimi nikanuna. Nikawa naenda misa ya kwanza alfajiri ili nisikutane nao, narudi, nasonga ugali wa mtu mmoja, nakula nikitazama ukuta. "Washindwe!" nilikuwa nasema kwa sauti. Upweke una adabu mbaya jamani, unakuzoesha kugombana na sufuria.

Jumapili moja nikachelewa, nikaingia misa ya pili. Nikakutana na Kalinga mlangoni. Nikamsalimia kwa kilugha chetu, "Kamwene," akaitikia nusu nusu.

"Dada Rozalia," akasema, "ulizikiwa mume ukaona kazi imeisha. Hata kwa Anjela usifike, kweli?"

"Kwa Anjela kuna nini?"

Akanitazama kama namtania. "Si alizika mwanae, Amos. Shimo la dhahabu lilimfukia Makongolosi, mwezi wa nane."

Anjela! Tumelala kitanda kimoja bwenini tukiwa wasichana. Ndiye aliyenishika kiuno siku tunamshusha Sosthenes kaburini. Na huyo Amos nimembeba mgongoni kama wangu wa kumzaa. Nikakaa kwenye ngazi za kanisa.

"Sikupata meseji," nikasema.

"Mfumo unaonyesha zilifika kwa wote."

"Basi huo mfumo wako ni muongo, na wewe uliyeuamini ni mwenzake!"

Kalinga si mtu mbaya. Kesho yake akanipeleka kwa Tumpe, dada aliyeutengeneza mfumo, ana kiofisi chake karibu na barabara kuu. Tumpe akatafuta jina langu kwenye kompyuta. Hakuna. La Sosthenes, hakuna.

"Baba, ulifuta mtu?" akamuuliza.

"Nilimfuta marehemu," Kalinga akasema polepole. "Niliona si vizuri simu ya marehemu iwe inalia ndani kwa mjane kila penye msiba."

Alinihurumia, ndiyo akafuta. Nikashindwa hata kumtukana.

Tumpe akanieleza. "Mama, sisi tunaoandika programu tunafikiria vitu vizima: mtu, kaya, msiba. Lakini kanzidata, pale taarifa zinapotunzwa, haijui kaya ni nini. Inajua majedwali tu. Kwa hiyo katikati tunaweka tabaka la kututafsiria. Mimi nasema 'kaya ya Sosthenes', lenyewe linajua kila kipande kimewekwa jedwali gani. Hakuna anayegusa majedwali kwa mkono."

"Eeh."

"Na mimi nililiambia kwamba wote kwenye kaya wako chini ya mkuu wa kaya. Baba Kalinga alipomfuta mkuu..."

"Likanifuta na mimi."

"Ndiyo, mama. Bila kuuliza. Halafu meseji zikienda kwa waliobaki, linasema zimefika kwa wote."

"Yaani mlimzika Sosthenes mkanifukia na mimi humo humo!"

Tumpe akasema, "Nisamehe, mama," kisha akajaribu kuturudisha kutoka kwenye nakala ya akiba. Mashine ikakataa. Bila mkuu wa kaya aliye hai, haikunipokea.

"Kwa sasa nikuweke chini ya nani?" akauliza. "Shemeji yako?"

"Nani? Shemeji? We binti, mimi nimezika mume, siyo kuku aliyepotea atafutiwe banda!"

Akacheka, kisha akaona aibu, kisha akaanza kazi upya. Tulikaa hapo mpaka chai ikapoa. Akabadilisha kila mtu asimame kwa jina lake mwenyewe, na kaya ibaki kuwaunganisha tu. Marehemu hafutwi tena, anabaki na tarehe yake ya kufariki, ila meseji hatumiwi. Nikaona majina yetu mawili yamekaa jirani kwenye kioo, machozi yakanitoka.

Nikafunga unga na maharage, vitu vya kupeleka msibani, nikaenda kwa Anjela, Makongolosi. Njia nzima, vumbi puani, nilikuwa napanga maneno yangu: tabaka, jedwali, mkuu wa kaya. Nilikuwa na ile raha ya mtu anayejua hana kosa.

Anjela alikuwa uani anapepeta mchele. Amekonda, jamani. Hakusimama.

"Pole, mwenzangu," nikasema, nikaanza kueleza. Nikaeleza yote, na Kalinga, na Tumpe, na mashine ilivyonikataa. Alinisikiliza mpaka mwisho, ungo umetulia mikononi.

"Nimekuelewa, Roza," akasema. "Kompyuta ilikufuta. Na namba yangu kwenye simu yako, nayo ilifutwa?"

Haikufutwa. Ilikuwa pale pale, juu kabisa. Miezi yote ile nilikuwa naiona nikitafuta namba ya muuza mkaa, naipita, nasema mpaka aanze yeye.

"Hata mimi sikukupigia," akasema. "Nilijua meseji umeipata. Nikakaa nakungoja."

Mikeka ya msiba ilishaondolewa zamani. Nikashusha mzigo wangu, nikakaa chini kwenye udongo mtupu, nikamlilia Amos. Nililia peke yangu kwa muda. Kisha nikasikia Anjela anaweka ungo chini.