Mguu wa Fundi Cherehani

"Binti yako haangalii barabara," mwalimu wa udereva alikuwa amemwambia fundi cherehani. "Anaangalia mguu wako."

Mama alibisha, ila moyoni alijua. Miaka ya kukanyaga cherehani ilikuwa imeufanya mguu wake wa kulia ujitume wenyewe. Kila alipoona hatari alikanyaga sakafu ya gari, na papo hapo binti alikanyaga breki. Na Jumatatu, leseni mkononi, binti angeanza kuwapeleka wadogo zake shuleni. Bila mama. Bila mguu.

Kwa hiyo leo, binti akiwa kwenye usukani, mama alivua viatu, akakunja miguu juu ya kiti cha pembeni, akaikalia.

"Mama, umekaa kama kuku anayeatamia."

"Tazama mbele wewe. Mayai yangu yananihusu."

Wakacheka. Kicheko kiliishia kwenye kona ya soko. Pikipiki ilikata mbele yao. Binti akatupa jicho chini, pembeni, akiutafuta mguu. Hakuuona. Akafunga breki kwa kuchelewa, mkanda ukambana mama kifuani.

"Si ungesema, mama!"

"Jumatatu nani atakuambia?"

Binti alinuna, akaondoa gari. Ee Mungu, mama aliomba kimoyomoyo, mpe macho huyu mtoto, maana mimi sitakuwepo.

Mbele, basi lilikuwa limesimama kando, likishusha abiria. Kupitia uvunguni mwake mama aliona viatu viwili vidogo vyeusi vikikimbilia barabarani. Mguu ulifurukuta chini ya paja. Alifungua kinywa apige kelele.

Gari lilikuwa limeshaanza kupunguza mwendo.

Likasimama kabla ya pua ya basi. Mtoto wa shule akachomoka, mkoba ukimrukaruka mgongoni, akavuka bila hata kugeuza shingo. Nyuma yao mtu alipiga honi.

"Umeona nini?" mama aliuliza.

"Viatu. Chini ya basi."

"Asante Mungu. Haya, twende."

"Bado, mama." Macho ya binti hayakubanduka barabarani. "Wadogo zangu huwa hawavuki mmoja mmoja."

Mtoto wa pili akachomoka mbio, akimwita mwenzake amsubiri.

Walipofika nyumbani, binti alizima gari.

"Haya, shusha miguu sasa," binti alisema.

"Siwezi, mwanangu. Imekufa ganzi."