Nafasi ya Kujibu

"Usiogope," yule Mwingereza wa masomo ya kurekodiwa alimwambia Halina kupitia visikizi vya masikioni. "Katika Kiswahili, sifa hubadilika kufuata jina. Mtoto mzuri. Kiti kizuri."

Halina hakuogopa. Kwao Ukraine sifa hufuata jina tangu mtu akiwa kifuani mwa mamaye. Mwingereza alitumia nusu ya somo kuwatuliza Waingereza wenzake, kisha akawafundisha namna ya kutetemesha ulimi kwenye herufi r, ambayo Halina alizaliwa nayo. Alichokihitaji yeye kilipita mbio. Sentensi ilisemwa kwa Kiingereza, kikafuata kimya kifupi cha kumpa mwanafunzi nafasi ya kujibu, halafu Mwingereza akajibu mwenyewe. Katika kimya hicho Halina alikitoa Kiingereza, akakipitisha kwenye Kiukraine, ndipo akatafuta Kiswahili. Alipokipata, wenzake wa kufikirika walikuwa wameshafika sentensi nyingine.

Masomo ya Kiswahili kwa Kiukraine hakuyapata. Basi akajizoeza, akiosha vyombo, akikunja nguo, akimsubiri mjukuu wake nje ya shule ya chekechea, mpaka Kiukraine kikaacha kupita katikati. Kimya kikitokea tu, mdomo wake ulifunguka wenyewe.

Alikuwa na sababu ya kuhangaika hivyo katika umri wa miaka sitini. Vita vilipoanza, mwanawe Ostap alimleta Toronto, akamweka kwa mkewe Gakii kwenye ghorofa la mtaa wa Thorncliffe Park, kisha yeye akarudi kupigana. Hakurudi tena. Gakii, muuguzi, alibaki na binti mdogo, Kendi, na zamu zisizokwisha. Ndipo mama yake Gakii, huko Meru nchini Kenya, akatamka: mtoto aletwe alelewe kwao hadi Gakii asimame tena.

"Mimi niko hapa," Halina alimwambia mkwewe. Wao wawili waliongea Kiingereza, kila mmoja chake. "Ninampikia, ninamvisha, ninamlaza."

"Najua, Mama."

"Basi mwambie mama yako."

Gakii alitikisa kichwa. "Nikiyabeba mimi maneno hayo, atasema ni mimi ninayemkatalia. Zungumza naye mwenyewe, mzazi kwa mzazi. Akisema Kendi abaki, atabaki. Akisema aje, siwezi kumvunjia neno."

Mama Gakii alijua Kimeru na Kiswahili. Kwa hiyo Halina alijifunza Kiswahili.

Gakii alimsikia jikoni siku moja akirudia, "Hoteli iko wapi? Chumba kina chandarua?" akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

"Mama, ukifika Meru watakupeleka moja kwa moja kuona simba."

"Simba ni somo la mbele," Halina alimjibu.

Alimwomba Gakii amsahihishie sentensi chache tu, akazikariri mpaka zikalainika. Naomba mtoto abaki hapa. Mimi ni mzima. Nina nguvu. Ninampenda. Kila asubuhi alipiga magoti mbele ya picha ya Mama wa Mungu, akaziombea sentensi zile kama mtu anayeombea watoto wanaosafiri. Machozi hakuyamwaga hata hapo. Tangu habari ya Ostap ifike alilia bafuni tu, bomba likiwa wazi, ili Kendi asisikie.

Walipiga simu Jumapili asubuhi, saa ambayo Meru watu wameshatoka kanisani. Gakii aliweka simu mezani, akampeleka mtoto chumbani, akaacha mlango wazi.

"Hujambo, mzazi mwenzangu," sauti ya mama mtu mzima ilisema.

"Sijambo, mama. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, tunamshukuru Mungu. Eh, unasema Kiswahili safi. Mumelala vyema?"

"Vyema, asante."

Halina alihisi moyo ukitulia. Kila kimya kilipotokea, alikuwa na neno la kukijaza.

"Nimekuwa nikitaka kukusikia tangu yule kijana atuache," mama alisema polepole. "Ostap wetu."

Akanyamaza.

Kwa watu wa nyumbani kwa Mama Gakii, jina la marehemu likitajwa, aliyelitaja huachiwa kimya chake. Hakuna anayekigusa mpaka mwenyewe akitue. Mama Gakii alikuwa analia bila sauti, akimsubiri mama wa marehemu alie naye, kwa kuwa hawakuwahi kukutana msibani.

Halina alisikia kimya, na mdomo ukafunguka.

"Naomba mtoto abaki hapa."

Kimya kingine.

"Mimi ni mzima. Nina nguvu."

Kimya.

"Ninampenda."

Mlangoni Gakii alikuwa amesimama, mkono kinywani.

"Kumbe hiyo ndiyo habari iliyokufanya upige," mama alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira. "Nilikuwa namlilia mwanao, mama. Nawe umepita juu yangu ukaenda zako."

Maneno yalikuja mengi na ya haraka. Halina alishika moja moja: mwanao, kulia, mtoto. Akatoa sentensi ya mwisho aliyokuwa nayo.

"Tafadhali sema polepole."

"Nilihofu mjukuu wangu anakaa na mtu aliyezama katika huzuni," mama alisema, sasa polepole kweli. "Ningeweza kulivumilia hilo. Lakini mtu asiye na chozi kwa mwanawe, sijui atamfanyia nini mtoto wa mwenzake. Gakii, nipe jibu kama unanisikia. Mlete."

Gakii aliichukua simu, akaongea Kimeru kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu. Alipomaliza alimweleza Halina yote kwa Kiingereza chepesi, bila kumficha kitu. Alimwambia pia kwamba amejaribu kutaja bafu na bomba, na mama yake amejibu kwamba binti mwema lazima amtetee mkwe wake.

"Tupige tena," Halina alisema. "Nitalia. Sasa hivi naweza."

"Ndiyo maana hatutapiga, Mama. Atasema nimekufundisha kulia."

Siku ya safari Halina alimvisha Kendi koti, akamfunga zipu mpaka kidevuni, ingawa alikokwenda na mama yake hakukuwa na baridi ya kuhitaji koti lile. Mtoto aliuliza kwa Kiingereza kama bibi wa Meru anajua kwamba yeye hapendi uji wenye utando.

"Utamwambia," Halina alimjibu. Hakujua kusema "utando" kwa lugha ya bibi huyo.

Walisimama na mabegi mbele ya lifti. Lifti za ghorofa lile zilisifika kwa kuchelewa. Watu walizoea kusali, kutukana au kuteremka kwa ngazi. Halina alifumba macho akamwomba Mungu aicheleweshe hii moja, hata kidogo tu.

Milango ilifunguka kabla hajasema amina.