Mnada wa Mlango wa Buluu

Asubuhi ile Heulwen aliahidi, mkono juu ya buli la chai, kwamba hatatia mguu mnadani. Mumewe Gethin ndiye angekwenda kununua nyumba, kwa kuwa ana damu baridi, na Heulwen, jamani, Heulwen ni mtu wa kucheka kanisani na kulia kwenye mashindano ya kondoo.

"Kikomo chetu unakijua," Gethin alisema akifunga kamba za viatu. "Mia na thelathini elfu. Ikizidi hata pauni moja, benki haitoi. Sawa?"

"Sawa, mwalimu mkuu."

Miaka sita sasa walikuwa wakiishi chumba cha nyuma kwa mama mkwe, mama mwema kabisa, ila hajui hodi. Anafungua mlango tu: nani anataka yai? Na sasa mtoto yuko njiani. Nyumba hii ikiwaponyoka, kaka yake Gethin ameshawaandalia chumba na kazi jijini Cardiff. Heulwen hakutaka hata kuisikia hiyo Cardiff. Alitaka nyumba ya Bibi Olwen Prosser yenye mlango wa buluu, pembeni ya duka la mikate, ambayo ukifungua dirisha la juu unaona soko lote la Jumatano na unajua nani kagombana na nani. Nyumba tano za mtaa ule zilishanunuliwa na watu wa mbali wanaokuja wiki mbili za Agosti, wakaondoka na kuacha mapazia yamefungwa mwaka mzima.

Ahadi ilikufa mchana. Gethin alipiga simu: amekwama nyuma ya trekta huko mlimani. Simu ikakatika. Heulwen akavua aproni akatoka mbio, tumbo mbele.

Pale mjini kwao Llangynwal nyumba huuzwa palepale wanapouzwa kondoo, siku hiyohiyo, na dalali yuleyule, Dilwyn wa Nyundo. Heulwen alifika wakati kondoo dume wa mwisho anatolewa uwanjani. Muuzaji alimpiga mnunuzi kiganja, paa, akamrudishia noti moja kama ilivyo desturi. Hiyo ni pesa ya heri. Asiyeitoa ni mchoyo, na kondoo wake atachechemea kabla ya Jumapili.

Akaangaza macho huku na huku. Aliona kofia, migongo, na upande wa pili Eifion wa Nyama, mwenye bucha, mpana kama mlango wa ghala. Gethin hayupo. Basi! Ya nini kungoja?

Dilwyn akaanza. Bwana mmoja mgeni mwenye koti jeupe akawa anapunga mkono juu kama mtoto wa shule, aibu tupu. Wenyeji hawanunui hivyo. Jirani hatakiwi kujua unataka nini. Marehemu baba yake Heulwen alinunua mifugo maisha yake yote kwa kugusa sikio, na Heulwen naye akagusa sikio. Yule bwana akafika mia na ishirini na nne, Heulwen akagusa sikio kwa ishirini na tano, na bwana akatikisa kichwa, akaketi.

Heulwen karibu apige kigelegele. Lakini Dilwyn akamtazama Eifion kule ng'ambo, akasema, "Mia na ishirini na sita."

Eifion! Bucha, machinjio na nyumba mbili hazimtoshi? Heulwen akamkazia macho ya kuchoma. Eifion akajikuna shingo, akatazama viatu vyake. Sikio. Ng'ambo wakaongeza. Sikio tena. Wakaongeza tena. Watu uwanja mzima wakainamisha kofia, na Shangazi Gwenda aliyekaa jirani akamshika mkono, machozi yanamlengalenga.

"Pole, mwanangu. Na mimba hiyo!"

"Sijashindwa bado, Shangazi," Heulwen akamjibu akiuma meno.

Mia na thelathini ikapita. Aliiona ikipita, akaipungia kwaheri. Alikuwa kama mlevi, sikio limekuwa jekundu kwa kuguswa. Mia na thelathini na tano. Sita. Saba.

"Mara ya kwanza, ya pili... ya tatu!" Nyundo ikagonga. "Ni yako, Heulwen!"

"Yangu!" Akaruka juu, tumbo na yote. "Yangu, Eifion, ukale soseji zako!"

Hapo nyuma ya Eifion ikatoka sauti ya mtu aliyevunjika moyo. "Heulwen?" Na nyuma ya sauti akatoka Gethin, tope la mashamba aliyokatiza hadi magotini.

"Wewe!"

"Wewe! Si uliahidi kukaa nyumbani?"

"Na wewe si uliahidi kikomo?"

"Nilikuwa nakununulia nyumba, mwanamke!"

"Na mimi je, nilikuwa nanunua kabichi?"

"Dilwyn!" Gethin akafoka. "Ulituona wote wawili, mbona hukusema?"

Dilwyn akajifuta jasho. "Nilidhani mnaachana, bwana. Kila mmoja anaitaka nyumba. Ningeingilia vipi mambo ya watu?"

"Sote tulidhani mnaachana," Shangazi Gwenda akalia kwa furaha. "Mungu mkubwa!"

Uwanja ukalipuka kwa vicheko. Eifion alicheka mpaka akashika ukuta. Heulwen naye alicheka, kisha akahesabu kwa vidole, akaacha kucheka. Pesa ya benki haikutosha. Nyumba imekwenda, na amana inayolipwa nyundo ikigonga itakwenda nayo. Akaogopa kweli, akamshika Gethin koti.

Bibi Olwen Prosser akainuka kiti cha mbele, fimbo mkononi.

"Dilwyn, yule wa koti jeupe aliishia wapi?"

"Mia na ishirini na nne, Bibi."

"Kwa hiyo mia na ishirini na tano ndiyo bei. Zilizobaki ni mapenzi ya watu, mimi nizile za nini?" Akakichapa kiganja cha Heulwen, paa. "Elfu kumi na mbili narudisha. Pesa ya heri."

"Bibi Olwen! Pesa ya heri ni noti moja!"

"Ya kondoo, Dilwyn. Hii ina vyumba vitatu." Akamgeukia Heulwen, akashusha sauti. "Ila Februari nataka taa dirishani. Nikipita na dada yangu ninayehamia kwake, nione kuna watu."

Heulwen akalia, bila shaka. Kondoo wenyewe walishaondoka, yeye bado analia.

Jioni wakasimama mbele ya mlango wa buluu, wanacheka kama watoto waliotoroka shule.

"Ila wewe, damu baridi," Heulwen akasema, "mbona ulivuka kikomo?"

Gethin akakwangua tope kwenye kiatu. "Kila nikitaka kuacha, naona uso wako siku niliyotaja Cardiff. Nikashindwa."

Heulwen akamtazama. Akagusa sikio. Gethin akainua kidole kimoja, akaongeza dau.