Jicho Lililobaki

Shuke la mpunga lilimpiga Ramrati kwenye jicho lake zima. Akaguna, mkono ukapanda usoni, ukashuka haraka, kisha akaendelea kukata mpunga kana kwamba hakuna lililotokea. Asharfi, mke wa mwanawe, alikuwa nyuma yake akifunga miganda, na kilichomtia wasiwasi ni ile haraka. Aliyeumia kidogo hulalamika. Aliyeumia sana na hataki kuulizwa ndiye hushusha mkono upesi namna ile.

"Mama, hebu nikuone."

"Unione mara ngapi? Uso wangu umeshausahau?"

"Jicho, mama."

"Jicho lipo. Funga miganda, bi arusi, jua linakucheka."

Alimwita bi arusi mpaka leo, ingawa harusi yenyewe ilikuwa imeshasahaulika na Gunja, binti wa Asharfi, alikuwa karibu kumpita mama yake kimo. Jicho la kushoto la Ramrati lilikufa utotoni kwa surua, likabaki jeupe kama yai lililomenywa. Nyuma ya mgongo wake kijiji kilimwita Chongo. Mbele yake hakuna aliyethubutu. Hilo la kulia ndilo lililozika wanawe wawili wachanga, likamlea wa tatu, likachambua mchele wa miaka yote. Mwenye mawili hubahatisha na moja. Ramrati hakuwa na la kubahatishia.

Na balaa lenyewe ni kwamba, katika uwanda mzima ule, hakuna aliyeyajua majeraha ya macho kama Asharfi. Shirika la macho la mjini lilikuwa limemfundisha yeye na wanawake wenzake wa vijiji jirani, likawapa mkoba wa bluu na marhamu ya kugawa bure. Kila mavuno, mashuke na makapi huwakwaruza watu macho. Mkwaruzo ukiachwa huingia uchafu, ukawa kidonda, na kidonda kikipona huacha chamba kisichopitisha mwanga. Ukipakwa marhamu mapema, yanakwisha. Ndiyo elimu yote, na Asharfi aliihubiri visimani na mashambani mpaka watu wakamtania kwa kumwita Daktari. Walianza kwa kumcheka, wakaishia kumbishia hodi alfajiri huku wameshika jicho.

Jioni ile jicho la Ramrati lilikuwa jekundu na likichuruzika machozi. Lakini kesho yake ilikuwa siku ya kwanza ya Chhath, saumu ya Jua, na mama huyo alikuwa juu ya paa akilinda ngano ya sadaka iliyoanikwa baada ya kuoshwa. Shomoro akidonoa punje moja tu, ngano yote imenajisika. Alishika ufito, akawa anawatimua ndege wengine wasiokuwepo, maana machozi yalimwonyesha wengi kuliko waliokuja.

"Nikupake sasa hivi, mama, kabla saumu haijaingia."

"Nimeshaoga kwa ajili ya saumu. Hiyo dawa yako imetengenezwa na nani?"

"Kiwandani."

"Kiwandani na nani? Mafuta yake ya mnyama gani? Na huyo aliyeikoroga, alikuwa ameoga?"

Mafunzoni walifundishwa kujibu maswali mengi, lakini hilo halikuwemo.

"Siku nne tu," Ramrati alisema kwa upole. "Nikishalimiminia Jua maziwa asubuhi ya mwisho, nipake utakavyo. Hata nyayoni nipake."

Saumu hiyo haikuwa ya mchezo. Ramrati aliiweka nadhiri baada ya kuwazika wale wawili, akiahidi kufunga kila mwaka iwapo wa tatu ataishi. Wa tatu ndiye Lalbabu, mumewe Asharfi, ambaye sasa alikuwa Arabuni akipanda majukwaa ya kujengea maghorofa marefu kuliko minara. Mwaka mmoja tu mama yake alizidiwa na homa akanywa maji kabla ya wakati, na mwaka huohuo Lalbabu akavunjika mguu. Alianguka na baiskeli, tena kwa ulevi wake mwenyewe, lakini nani angemwambia Ramrati kwamba baiskeli ndiyo yenye kosa?

Kisimani, Phulkumari wa nyumba ya pili alimpokea Asharfi kwa kicheko. "Daktari! Kijiji kizima umekipaka, wa nyumbani kwako amekushinda? Kweli mganga hajigangi."

"Mpe pole basi, wifi, badala ya kunicheka."

"Nimpe pole anitukane? Mimi nampenda mama yako kwa mbali."

Asharfi alicheka ili yaishe. Ndoo aliibeba na moyo wake ukiwa mzito kuliko maji yaliyomo.

Siku ya tatu, alasiri, Ramrati alilala sakafuni juu ya mkeka wa mabua. Tangu wali wa maziwa na sukari guru wa jana jioni, hakutia kitu kinywani, hata tone la maji. Kope zilikuwa zimevimba na kugandamana. Alipokuwa akiziachanisha ili atazame mlango, Asharfi alikiona alichokuwa akikiogopa: nukta nyeupe katikati ya weusi wa jicho, kama chembe ya unga. Picha ya nukta ile alikuwa akiwaonyesha watu kila mwaka, na kila mwaka aliwaambia kwamba mkishaiona hii, hata kupaka huenda tumechelewa.

Akaminya marhamu kwenye ncha ya kidole, akapiga magoti. Ramrati alikuwa akihema polepole. Kidole kilibakiza upana wa unyasi kufika kwenye kope.

"Ukinigusa, saumu imevunjika," Ramrati alisema, macho yamefumba. "Na balaa halitaniangukia mimi, wala wewe. Lalbabu leo yuko kazini au kapumzika?"

"Yuko kazini, mama."

"Juu?"

"Juu."

"Basi chagua wewe uliyesoma."

Asharfi hakuamini mambo hayo. Alikuwa amewaambia wanawake wa vijiji vyote kwamba jicho halijui miiko. Lakini hapo mbele ya mkeka alimwona Lalbabu, waziwazi, amesimama kwenye ubao mwembamba huko juu, na upepo unavuta shati lake. Akajiambia ni upuuzi. Kidole hakikusogea mbele. Akakirudisha, akakifuta kwenye upindo wa sari, akatoka nje kulia kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua amwelekezee nani. Alijichukia kuliko alivyomchukia yeyote.

Jioni walikwenda bwawani na nyungo za sadaka zimejaa nazi, ndizi, miwa na vikate vya ngano. Ramrati alijichovya mara tatu, uso na kichwa chote, katika maji yaleyale wanamooga nyati wa kufugwa na yanamoishia ya mashambani. Asharfi alishika ungo na kutazama. Kila mara kichwa kilipozama, naye alifumba macho yake kana kwamba yanaumwa.

Alfajiri kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata mifupa. Wanawake walisimama majini hadi kiunoni, wameelekea mashariki, wakiimba kumbembeleza Jua litoke, maana waliofunga wana kiu. Wanasema mwanga wa kwanza wa asubuhi hiyo huponya ngozi na macho. Ramrati alikuwa amelifungua jicho kwa vidole viwili ili lisipotewe na hata kidogo. Jua likachomoza juu ya mianzi, jekundu na kubwa, na wimbo ukabadilika ukawa vigelegele. Maziwa yalikuwa yakimiminwa kila upande.

"Mbona wanapiga vigelegele mapema?" Ramrati aliuliza. "Limetoka?"

"Limetoka, mama."

"Liko wapi?"

Asharfi akaingia majini na sari yake kavu. Akamshika mabega, akamgeuza kidogo kulia. Bibi akamimina maziwa yake, akatabasamu kuelekea upande alioelekezwa.

Katika hospitali ya macho ya mjini, daktari, msichana mwenye sauti ya chini, alimulika jicho muda mrefu. Akaanza kusema, "Nyumbani kwenu hakuna aliyewaambia kwamba..." Hapo akauona mkoba wa bluu begani kwa Asharfi, akanyamaza. Afadhali angemaliza sentensi yake.

Walimtia matone kila saa. Jicho lenyewe liliokoka, halikutoboka, lakini kioo chake cha mbele kilibaki na kovu jeupe pembe hadi pembe. Daktari alisema kingeweza kubadilishwa siku kikipatikana kingine, na vinavyopatikana ni vichache mno kuliko wanaovingoja.

"Hivyo vioo vinatoka wapi?" Ramrati aliuliza walipobaki wawili.

"Kwa waliofariki, mama. Jamaa zao wakikubali, vinatolewa kabla ya kuchomwa maiti."

Ramrati alipapasa ukingo wa kitanda. "Kama macho ya babu yake Gunja."

"Ndiyo, mama."

Mzee alipofariki, watu wa shirika walikuja mpaka uani, wakaomba kwa adabu. Ramrati aliwatimua. Alisema mumewe hatazaliwa upya kipofu kwa ajili ya kumfaidi mtu asiyemjua. Asharfi, aliyefundishwa namna ya kuzungumza na wafiwa, alikuwa amesimama pale amejifunika uso kwa upindo wa sari, hakutoa hata neno moja.

"Alikuwa na macho mazuri yule mzee," Ramrati alisema. "Alikuwa anamwona mwewe kabla kuku hawajamwona."

Simu ikalia. Ilikuwa ya Lalbabu, na nyuma yake makelele ya mashine. Walikuwa hawajamwambia kitu. "Mpe mama," alisema, na mama alipopewa, sauti yake ilisikika chumba kizima: "Mama, mimi mzima wa afya! Saumu yako inanilinda huku!"

Uso wa Ramrati ukachanua. Akaelekeza macho yake meupe mahali alipodhani Asharfi yupo.

"Unaona?" alisema.

Asharfi akaichukua simu mkononi mwake. Mume wake alikuwa hai, na yeye alifurahi, na ile furaha ilimchoma kama mwiba wa samaki.

Kioo hakikupatikana mwaka ule. Mara mbili Asharfi alikwenda kwenye misiba ya jirani na maneno yake yamepangwa mdomoni, na mara mbili alirudi ameambulia chai. Mfiwa wa pili alimuuliza tu: "Ya mkweo mliyatoa?" Ramrati akajifunza ua kwa miguu na majirani kwa kikohozi. Na kwa kuwa saumu ya nadhiri haiachwi, bali hurithishwa, alimkabidhi Asharfi mbele ya moto wa jikoni. Asharfi akaipokea. Hakuna mkwe aliyewahi kuikataa, na Lalbabu bado alikuwa juu.

Mavuno yakarudi. Siku ya mwisho kabla ya Chhath, Asharfi akiwa ameshaoga, alipanda paani kuanika ngano yake ya kwanza ya sadaka. Ramrati alikaa kando na ufito, akiwatimua shomoro kwa kuwasikia. Uani kwa Phulkumari walikuwa wakipepeta mpunga, na upepo ukageuka, ukaleta makapi. Mkono wa Asharfi ulipanda usoni, ukashuka haraka.

Ufito ukasimama hewani.

"Bi arusi. Umenyamaza nini?"

"Vumbi tu, mama."

"Vumbi." Ramrati akauweka ufito chini. Akapapasa sakafu ya paa mpaka akaufikia mguu wa Asharfi, akaushika. "Kalete ile dawa yako. Unipe mkononi, nikupake mimi."

Mkoba wa bluu ulikuwa umetundikwa palepale chini ya ngazi. Asharfi aliutazama kwa jicho moja, lingine limefumba lenyewe na linawasha kama limetiwa pilipili. Huko Arabuni ilikuwa ni saa za kazi. Akataka kusema mengi, yote aliyowahi kuyahubiri visimani, na alichosikia kikitoka kinywani mwake kilikuwa hiki:

"Siku nne tu, mama."

Ramrati hakubishana. Alikunjua kiganja, akakinyoosha mbele, akangoja, na pande zote mbili za miguu yao shomoro wakaanza kushuka kwenye ngano.